Kinanda cha Stefano na Ufuta wa Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimetembea nayo kila nilikokwenda. Nimeibeba juu ya malori ya Lindi na Masasi, nimeshusha na kupakia magunia nayo katika bandari ya Mtwara, nimelala nayo kwenye kambi za mkonge huko Tanga, na sasa nimerudi nayo nyumbani Nambilanje haijachakaa. Ni siku ambayo baba yangu alimkemea mgonjwa. Ndiyo, mgonjwa, tena aliyekuwa akitema damu. Waliokuwapo walishika midomo. Lakini ngoja nikueleze tangu mwanzo. Mwenda pole hajikwai, na mimi leo, kwa mara moja, sina safari.

Unaniita mzee, nami siku hizi sikatai. Nimevuka umri wa miaka arobaini, ndevu zimeanza kuchanganya rangi, na vijana wananipisha kwenye benchi. Wakati ninaokusimulia nilikuwa kijana wa lori. Ilikuwa miaka ile ya karanga. Wazungu walikuja Nachingwea na matrekta makubwa, wakang'oa msitu, wakaleta reli, wakajenga mji, wakasema watalima karanga za kulisha Ulaya. Karanga zilikataa. Malori yakabaki, nami nikawa utingo wa mojawapo, nikipakia ufuta na korosho Ruangwa na Nanganga na kuzishusha Nachingwea. Nilikuwa nimeiacha sekondari kabla ya kuimaliza, maana miguu ilikuwa inaniwasha. Sikuweza kutulia darasani nikisikia honi barabarani.

Stefano alikuwa binamu yangu. Mama yake, shangazi yangu, ni tumbo moja na baba yangu. Aliolewa Mnero na seremala wa misheni, akabatizwa huko. Kwa hiyo Stefano alikuwa Mkristo na mimi Mwislamu, na hilo halikutuzuia kula sahani moja. Kwetu sisi, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, wewe unalijua hilo. Lori likipita Mnero nilikuwa naruka chini na kupiga kelele kabla sijafika uani:

"Enyi wala nguruwe, mpo? Ficheni sufuria zenu, mtu safi anapita!"

Naye Stefano anajibu kutoka ndani: "Mama, funika mtungi! Utingo kaja, atakunywa maji kama rejeta ya lori!"

Shangazi anacheka, ananikaribisha, nakula. Watu wengine wanadhani utani ni kelele tu. Sivyo. Mtani wako ndiye mtu anayeweza kukuambia ukweli mbele za watu, na wewe ukacheka badala ya kushika panga. Hata siku unapokufa, wengine wote wakilia, yeye ana ruhusa ya kukusema. Liweke hilo moyoni, tutalirudia.

Sasa nikuambie huyu Stefano alikuwa nani.

Kanisani Mnero palikuwa na kinanda cha kukanyaga. Miguu inasukuma pumzi, vidole vinaigawa pumzi hiyo kuwa sauti. Miguu ikichoka, sauti inakufa. Padri mmoja mzee alimfundisha Stefano tangu akiwa mdogo, akamfundisha na kusoma muziki ulioandikwa, zile nukta zinazokaa juu ya mistari kama ndege juu ya waya. Haukupita muda mrefu, Padri akawa anakwenda kukaa benchi la nyuma asikilize. Ukiona mwalimu anakaa nyuma ya mwanafunzi wake, mwanangu, jua kuna jambo.

Stefano hakupiga nyimbo za Jumapili tu. Padri alikuwa na vitabu vya mafundi wa kale wa Ulaya, watu waliokufa zamani kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, na Stefano alivipiga vyote. Kulikuwa na kipande kimoja alichokipenda kupita vingine. Kinaanza na sauti moja peke yake, inakimbia kidogo. Kisha sauti ya pili inatokea nyuma yake, inasema maneno yaleyale, inaifukuza. Halafu, pale unapodhani umeelewa, inaingia ya tatu kutoka chini, nzito, na zote tatu zinakimbizana hazigongani. Jina lake la Kizungu silijui. Watu wa Mnero walikiita Mbio za Kware, kwa sababu hivyo ndivyo kware wanavyotoka kwenye majani makavu ukiwashtua: mmoja, wa pili, kisha kundi. Wanawake walikuwa wanaacha kupepeta wakisikia. Mimi Mwislamu nilikuwa nasimama nje ya dirisha la kanisa na mafuta ya lori mikononi, dereva anapiga honi, nami sisogei.

Sikio lake lilikuwa kali mpaka likawa mzigo. Siku moja nilimpeleka Nachingwea, kwenye jumba walimokuwa wakikutana Wazungu wa karanga jioni. Walikuwa na piano, na mama mmoja wa Kizungu alikuwa amesikia habari za kijana wa Mnero akataka kumsikia. Stefano akakaa, akabonyeza mara moja, akainuka.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza. "Piga, wanakungoja!"

"Sauti moja imelegea."

"Moja kati ya zote hizo! Wewe piga zilizobaki."

Akanitazama kama niliyemtukana shangazi. "Hamisi, ukipakia gunia lenye tundu, utasafiri nalo hivyohivyo?"

Ikabidi nikimbilie gereji, nikarudi na spana ya boksi. Wazungu wamekaa na glasi zao, Stefano ameingiza kichwa ndani ya piano, anakaza, anasikiliza, anakaza. Alipomaliza ndipo akapiga. Hakuna aliyekohoa. Yule mama alifuta macho. Mimi nilisimama mlangoni na spana yangu nimevimba kifua kana kwamba nimepiga mimi.

Hapo ndipo penye sifa yake, mwanangu, na palepale ndipo palipokuwa na kasoro yake. Ng'ombe hashindwi na nunduye, lakini nundu ikizidi hata kunywa maji ni taabu. Sikio lile halikumwezesha kufundisha. Vijana walikuja wakitaka kujifunza, wakaondoka. Mtu akikosea, Stefano alikuwa anafumba macho kama aliyepigwa jiwe, kisha anasema, "Anza upya." Akikosea tena, "Anza upya." Wakati mwingine mtu alikwenda nyumbani hajavuka mstari wa kwanza. Asiyechoka alikuwa mmoja tu, dada aitwaye Tekla, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali ya pale misheni. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mikono iliyokakamaa kwa sabuni. Akimaliza kuanika anakwenda kanisani, anakaa kwenye kinanda.

"Dada Tekla," Stefano alimwambia siku moja mbele yangu, "hapa hatutwangi mtama."

"Najua, Mwalimu. Mtama ningekuwa nimeshamaliza."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Stefano hakucheka. Akasema, "Anza upya."

Kikohozi kilianza wakati wa vumbi. Tulidhani ni vumbi. Mvua zikaja, zikalowesha vumbi, kikohozi kikabaki. Akawa anakanyaga kinanda na jasho linamtiririka hata asubuhi yenye ubaridi, na Mbio za Kware zikaanza kuishiwa pumzi njiani. Kisha Jumapili moja akakohoa juu ya kinanda, na zile mbao nyeupe zikawa nyekundu.

Ni kifua kikuu. Akalazwa kwenye kibanda cha wagonjwa wa kifua, kando kidogo ya hospitali. Marufuku kukanyaga kinanda, marufuku kuimba, marufuku kukaa karibu na watu. Sindano zilikuwapo, alichomwa, na kuna waliopona kwa sindano hizohizo. Lakini kwa Stefano ugonjwa ulikuwa umeingia zamani, umeshajua vyumba vyote vya nyumba. Muuguzi alimwambia shangazi taratibu, auandae moyo wake. Kinanda kikafunikwa kitambaa. Watu wakaimba Jumapili bila kinanda, wakawa kama wanaotembea bila viatu.

Tekla alikwenda kusimama mbele ya kibanda, akasema, "Mwalimu, nifundishe nikiwa hapa hapa nje. Wewe sema, mimi nitakwenda kufanya."

Stefano akasema, "Nikipona."

Akaenda tena. "Nikipona, Tekla. Nikipona nitamtafuta mtu wa kumwachia."

Unaona jinsi mambo yalivyokaa? Padri mzee alikuwa amekwisha kurudi kwao akiwa dhaifu. Kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa hakuna mwingine aliyeweza kusoma nukta zile. Vitabu vilikuwapo kabatini, lakini kitabu kisicho na msomaji ni kuni. Stefano akifa, kware wote wanakufa naye. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulisema, kwa sababu nani anamwambia mgonjwa, "Harakisha"?

Nilimweleza baba yangu. Ulikuwa msimu wa kukata ufuta. Baba alikuwa shambani, akanisikiliza huku anafunga mganda. Asubuhi yake nikamkuta amesimama barabarani kwa kanzu safi, akisubiri lori letu, na kwapani ameshika mganda mmoja wa ufuta.

"Baba, huo wa nini?"

"Wa safari."

Yeye ndiye mjomba, kumbuka. Kwetu Wamwera mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake ambalo hata baba mzazi hana. Tulipofika Mnero, Stefano alikuwa ameketi barazani mwa kibanda, amejifunga blanketi, vidole virefu vimelala mapajani. Kidogo mbele yake muuguzi alikuwa ameweka gogo, na wageni hawaruhusiwi kulivuka. Shangazi alikuwapo, na Tekla alikuwapo, anaanika mashuka upande wa pili. Baba akasimama kwenye gogo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba. Nimesikia unasubiri."

"Nasubiri kupona, Mjomba."

"Mungu akupe. Nasi tunaomba. Lakini yule mama pale, yeye unamsubirisha nini?"

Stefano akatazama pembeni. "Hawezi, Mjomba. Nikimpa atauharibu. Heri muziki ule ufe na mimi ukiwa mzima, kuliko ubaki duniani ukiwa kilema."

Shangazi akaanza kulia. Baba akauinua ule mganda.

"Huu niliukata jana," alisema. Alisema kwa Kimwera, nami nakuwekea kwa Kiswahili, lakini uzito wake ni uleule. "Tazama. Maganda ya chini yamekauka, ya juu bado kijani. Mgeni akipita shambani kwangu ananicheka, anasema mzee huyu ana haraka, anakata ufuta mbichi. Basi nenda kwa yule anayengoja ukauke wote. Siku anayosema sasa umekamilika, maganda yanapasuka yenyewe, mbegu zinamwagika chini, upepo na ndege wanagawana. Yeye anavuna mabua. Ufuta hukatwa ungali na kijani, mwanangu. Unasimamishwa, unakaukia mikononi mwa watu. Wewe unataka huyu mama akamilike kwanza. Hatakamilika. Na wewe hukukamilika. Nilikuwapo ulipoanza, ulifukuza popo wote kanisani."

Shangazi alicheka ndani ya kilio.

"Tena muziki ule unasema ni wako," Baba akaendelea, na hapo sauti yake ikapanda, ndipo watu waliposhika midomo. "Nani kakwambia ni wako? Padri alikupa. Naye alipewa. Umekuta mzigo njiani umebebwa na watu wengi, ukapewa zamu yako. Huyu Hamisi akipakia magunia ya watu Ruangwa, akafika Nachingwea akasema, siyashushi, wapokeaji wana mikono ya sabuni, tutamwitaje?"

Stefano alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi niliona maneno yamemfika lakini yamekwama, hayana pa kutokea. Hapo ndipo kazi ya mtani.

"Mwizi," nikasema. "Tutamwita mwizi. Tena mwizi mla nguruwe."

Stefano akainua uso. Mdomo ukamcheza. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikampeleka mbali mpaka muuguzi akaja mbio kunifukuza. Lakini kabla hajaingizwa ndani alinyoosha kidole upande wa mashuka.

"Dada Tekla," akasema kwa sauti ndogo, "kesho ukimaliza kuanika, uje."

Nikarudi Nachingwea, gereji, nikachagua ubao mzuri kutoka kwenye sanduku la spea za trekta. Seremala, baba yake Stefano, akaulainisha kwa randa na kuukata mistari, mbao nyeupe na nyeusi kama za kinanda, ili vidole vizisikie. Hautoi sauti yoyote, ubao tu. Tekla akawa anaketi upande wake wa gogo na ubao mapajani, mtoto mgongoni, na Stefano upande wake na kikombe cha bati. Anagonga kikombe kwenye nguzo ya baraza kushika mwendo, anatazama vidole. Kwa mbali vile, bila sauti, alikuwa anajua.

"Kidole cha nne, dada. Umebonyeza jirani yake."

Watu waliokuja kuona wagonjwa walisimama kushangaa. Mmoja aliniuliza, "Wanacheza bao gani hilo?"

Na sheria yake ile ya zamani aliigeuza. Hakusema tena "Anza upya." Tekla alipokwama mara ya kwanza akainua mikono, amezoea kurudi mwanzo. Stefano akagonga kikombe kwa hasira.

"Usirudi! Sauti nyingine zimeshatangulia, zinakungoja mbele. Kosea, songa. Kware hawarudi nyuma."

Jioni Tekla anakwenda kanisani, anafunua kinanda, anakanyaga. Upepo ukiwa mzuri sauti inafika kibandani. Palikuwa na mahali pamoja, pale sauti ya tatu inapoingia kutoka chini, ambapo mkono wake wa kushoto haukupavuka kamwe bila kujikwaa. Kila siku palepale. Stefano alikuwa anafumba macho kama zamani. Nilimtania, "Leo umepigwa jiwe tena?" Akasema, "Ni hilohilo. Nimeshalizoea." Kisha akatabasamu, jambo ambalo uso wake haukulijua sana. "Unajua, Hamisi, tangu nilale hapa nimesikia muziki wangu kwa mara ya kwanza. Zamani nilikuwa ndani yake, siusikii."

Aliishi mpaka korosho zilipoanza kuanguka. Hakuwa ametimiza miaka thelathini. Alikufa asubuhi, mama yake ameketi kwenye gogo.

Watu walitoka Nambilanje, Nanganga, Ruangwa, Nachingwea. Waislamu na Wakristo walijaza kanisa na uwanja. Nilisikia wengi wakisema, "Chema hakidumu," wakitikisa kichwa. Baba yangu na mimi tulisimama ndani, karibu na mlango. Misa ilipokwisha, jeneza likiwa bado mbele, Tekla akakaa kwenye kinanda, mtoto mgongoni, akaanza Mbio za Kware.

Sauti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaifuata. Watu wakainua nyuso. Nikawa nazihesabu pumzi zangu, maana nilijua mahali penyewe panakuja. Pakaja. Mkono wa kushoto ukajikwaa, na Tekla, kwa macho ya watu wote yale na lile jeneza, akasahau. Akainua mikono. Kinanda kikatoa pumzi ya mwisho, kikanyamaza.

Mwanangu, kimya kile kilikuwa kizito kuliko jeneza. Tekla alikuwa ameshaanza kuinuka. Nikaona kwamba akishuka kwenye kile kiti leo, hatakipanda tena maisha yake, na yote ya gogo na ubao na kikombe yatakuwa bure. Hakuna mtu wa kusema. Padri aliyesoma Misa ni mgeni, hawezi, shangazi hawezi, baba hawezi. Lakini mtani anaweza. Nikatoka mlangoni nikatembea mpaka kwenye jeneza, nikaligonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyogongwa mtu aliyelala.

"Stefano! We Stefano! Umesikia? Kakosea palepale! Mbona hugongi kikombe leo? Jana ulikuwa na mdomo, leo umeshindwa? Haya, inuka umwambie!"

Padri yule, aliyekuwa mgeni nchini, alishtuka akataka kushuka. Nilimwona mzee mmoja wa kanisa akimshika mkono na kumnong'oneza, "Mwache, Padri. Ni mtani wake. Ni haki yake." Na watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha msiba kinachotoka pamoja na machozi.

"Hainuki," nikawaambia watu. "Alikuwa mvivu tangu zamani. Basi nitasema mimi." Nikamgeukia Tekla. "Dada! Songa! Kware hawarudi nyuma!"

Tekla akacheka. Alicheka kweli, mabega yakamcheza, mtoto mgongoni akaamka. Akashusha mikono, akaanza palepale alipokwama, sauti ya tatu ikaingia nzito kutoka chini, imechelewa, ina vumbi la safari, lakini imeingia. Na zote tatu zikakimbizana mpaka mwisho. Tukamtoa Stefano nje huku zinakimbia.

Baada ya hapo miguu yangu ikaniwasha tena, nikaondoka kwetu. Miaka ikapita. Siku moja nikiwa Tanga, nimechoka, nimetoka kambini, napita karibu na kanisa ambalo sijawahi kuliona. Nikasikia sauti moja inakimbia kidogo. Nikasimama. Ya pili ikaifuata. Nikasema moyoni, hapana, haiwezekani. Nikangoja sauti ya tatu. Na kabla haijaingia, mwanangu, pakawa na kimya kifupi, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuruka mfereji. Ndipo ikaingia.

Nikaingia ndani na viatu vyangu vya shamba. Kwenye kinanda alikuwa kijana nisiyemjua.

"Kaka, hapo katikati mbona unasimama?"

Akanishangaa. "Ndivyo ulivyo. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo. Pale kware wanasikiliza kwanza kabla ya kukimbia."

"Na mwalimu wako alifundishwa na nani?"

"Na mama mmoja wa kusini, huko Nachingwea. Anaitwa Mwalimu Tekla."

Nilikaa benchi la nyuma. Nikamwomba apige tena, akapiga tena, na ilipofika pale penye kimya, pale palipokuwa pakimkwaza Tekla, nilisikia kikombe cha bati.

Basi shika nasaha yangu, mwanangu, maana siku zako ni nyingi lakini hazina mdhamini. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli juu ya nafaka. Ujuzi si nafaka. Ujuzi uliofungiwa kifuani huoza pamoja na kifua. Ukijua jambo, iwe kushona, iwe kukaza spana, iwe kusoma Kurani au nukta za kinanda, mtafute wa kumpa leo, wala usingoje awe kama wewe. Atakosea. Mwache akosee mbele yako, ungali na kikombe cha kugonga. Na ukiwa wewe ndiye unayepokea, usiionee haya mikono yako ya sabuni, ukijikwaa, songa. Wala usiogope kumwambia umpendaye ukweli wakati bado anasikia. Waliosema chema hakidumu walikuwa wamesimama mbele ya jeneza. Mimi nimesimama mbali zaidi, nimesikia chema kikidumu, kina kovu, kinakimbia.

Mungu aliyempa Stefano sikio akupe na wewe kitu cha kubeba, akupe na watu wa kukushushia mzigo kabla ya giza. Akupe mtani asiyekuogopa. Nenda salama, mwanangu, na popote utakapofika, ukate ufuta wako ungali na kijani.